Pindo la Kaunta

Fundi Semkiwa amekuja na vipande vitano vya granaiti
ndani ya mfuko wa saruji uliokatwa nusu.
Anavipanga sakafuni kwetu, barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
kama muuza viatu anayejua mguu wako kabla hujakaa.
Ukingo ni pindo, anasema, usichague mji ukasahau pindo.
Huu umekatwa wima. Huu umelambwa pembe kidogo.
Huu wa mviringo, mgongo wa sabuni iliyotumika.
Huu laini juu, chini bapa.
Na huu wa mawimbi, "huu wa wenye nazo."
Mbaruku, mume wangu, ameshauinua wa mawimbi.

Mimi napitisha kidole gumba.
Miaka kumi na tisa nimeishi na zege ya zamani,
ncha yake naijua kwa nyonga ya kushoto,
alama nyeusi chini ya gauni
ambayo nesi wa kliniki aliniulizia kwa sauti ya chini:
"Mama, nyumbani kuna amani?"
Nikamwambia nimegongwa na jiko.
Hakuniamini.

Basi wa wima, hapana.

Tukaja kwenye upenu.
Nyumba ina upenu ili mvua isilambe ukuta;
kaunta nayo, asema fundi, itangulie kabati
kwa inchi moja, maji yadondoke chini,
yasirudi kwa siri kuvimbisha milango.
Kwa chini atachonga mfereji, mwembamba kama ufito wa njiti,
mgeni hatauona maisha yake yote.
"Tone likifika hapo linakata tamaa."
Nilipenda hilo. Nilimwomba arudie.

Upande wa dirisha Mbaruku anataka futi nzima,
magoti yaingie, tukae kwenye stuli kama watu wa hotelini.
Semkiwa anakuna kidevu: futi nzima bila mkono wa chuma
ni jiwe linalosubiri mtu mnene.
Na njia ya kutokea uani ni nyembamba.
Nikachukua chaki, nikachora.
Nikabeba sinia tupu, nikapita,
kiwiko kikagonga hewa ambayo kesho itakuwa jiwe.
Inchi tisa, nikasema.
Wakaandika tisa.

Nilidhani tumemaliza.
Ndipo nikakumbuka mashine ya kusagia nyama.

Iko juu ya kabati, imeviringishwa taulo,
ya marehemu shangazi Mwanamkuu wa Pangani,
chuma kitupu, mpini wa mbao umepasuka.
Kila Ramadhani huifunga ukingoni kwa skrubu yake,
na mwaka aliotutoka tuliifunga vilevile,
tukasaga nyama ya sambusa bila mtu kusema kitu.
Mdomo wake unafunguka inchi moja na robo, basi.
Na fundi alishapiga hesabu ya pindo nene,
granaiti mbili zigundishwe, ionekane nzito,
inchi moja na nusu.

"Nitakununulia ya umeme," akasema Mbaruku.
Sikumjibu. Nilishusha taulo.

Semkiwa, aliyekuwa na haraka ya kwenda Makorora tangu afike,
akachuchumaa, akaifunga mashine kwenye kila kipande kwa zamu.
Wa mawimbi ukaikataa.
Wa mviringo ukaitema, skrubu ikateleza kama mguu kwenye tope.
Ule laini juu, chini bapa, ukaishika.
Akaitikisa. Akainyanyua,
na jiwe likainuka nayo kutoka sakafuni.
Akatutazama, mashine mkononi, jiwe linaning'inia,
akacheka peke yake.

"Unene wa jiwe moja tu," akaandika. "Hakuna kugundisha."
Mbaruku akauliza wageni watajuaje kwamba ni granaiti
ikiwa nyembamba hivyo.
Nikamwambia wageni watakula sambusa.

Kisha kona ya mwisho, ile ya karibu na mlango,
nikaipiga chaki mara mbili.
Hii, fundi, izungushe hasa,
izungushe mpaka isiitwe kona.
Yule nesi bado yupo kliniki,
na akiniona huniangalia mwendo.